Sikio la Boila Namba Mbili

Mayai hayana habari na mgao wa umeme. Ukishaanza kuyapa joto yanataka joto siku ishirini na moja, mchana na usiku, na siku ya kumi na tisa si siku ya kuyaambia yasubiri kidogo. Ndiyo maana asubuhi ile mke alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati lake la kutotolesha vifaranga, akipenyeza chupa za maji ya moto katikati ya trei, na kabati lote amelifunika blanketi kuukuu kama mgonjwa wa homa. Mayai mia moja na themanini. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi saa nane mchana.

Alitoa yai moja akaliweka shavuni kupima joto. "Nyumba yangu haina mlango," alisema kwa sauti ndogo. "Na leo haina moto."

"Mama, hicho kitendawili cha darasa la kwanza," alisema binti yake.

"Basi nitegulie wewe wa sekondari: huu umeme umekwenda wapi?"

Binti alikuwa mezani na baba yake, kijitabu kimefunguliwa katikati yao, naye anamwendesha mzee kama mwalimu mkali. "Endelea, baba. Paneli ya sola ikifunikwa na vumbi?"

"Paneli ikifunikwa na vumbi, umeme hupungua. Huoshwa asubuhi kabla haijapata moto. Wala haikanyagwi." Mzee akainua macho. "Hivi kuna mtu anayekanyaga kioo mpaka waandike kitabuni?"

"Baba, jibu linaloandikwa ndilo wanalolitaka. Kesho usiwaongezee maneno yako."

Mtaani hakuna aliyemwita mzee huyu kwa jina la kwenye kitambulisho. Aliitwa Sikio. Miaka ishirini na sita alikuwa mwashaji wa boila katika kituo cha umeme wa makaa ya mawe, kile chenye bomba la moshi refu ambalo ukisimama mlangoni kwake unaliona lote. Kituo kilifungwa miezi mitatu iliyopita. Nchi ilikuwa imeahidi mbele ya nchi nyingine kwamba itapunguza moshi, na ahadi ya nchi lazima ianze kwa mtu fulani. Ikaanza kwa watu mia nne wa kituo kile. Kwa watu hao mia nne zilitengwa nafasi arobaini za mafunzo na kazi katika shamba la sola lililokuwa linajengwa nje ya mji. Sikio aliandikwa wa thelathini na moja. Mtihani ulikuwa kesho, Jumatano, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa manispaa. Tangazo lilisema wazi: asiyefika, jina lake linafutwa.

Na tuseme haki, hakuna aliyelililia jivu. Katika nyumba ile nguo nyeupe zilianikwa nyeupe zikaanuliwa za kijivu, na mama mzazi wa Sikio alizikwa na kifua chake kilichokuwa kikikoroma kama gunia linalokokotwa. Walipoambiwa moshi utakoma, walipiga makofi pamoja na wengine. Walichouliza ni kimoja tu: sasa tutakula wapi?

Lakini mvua ziligoma msimu mmoja, zikagoma na wa pili. Bwawa lililokuwa linategemewa likabaki tope lenye nyufa. Shamba la sola nalo lilikuwa bado nguzo tupu na nyaya zilizoviringwa. Moshi uliharibu mvua, na sasa mvua zilipokosekana watu waliukumbuka moshi.

Gari la kampuni lilisimama nje saa tatu.

*

Meneja aliingia mwenyewe, jambo ambalo kwa miaka ishirini na sita halikuwahi kutokea. Nyuma yake alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa kofia ngumu, mhandisi kutoka makao makuu. Na nyuma ya mhandisi, bila kualikwa na mtu, alikuja kinyozi wa jirani, maana duka lisilo na umeme humpa mtu nafasi ya kujua mambo ya watu.

Mke aliinuka akavuta kiti, akakifuta kwa kiganja. Meneja alikitazama, akatoa leso yake akakifuta tena, kisha hakukaa.

"Mzee Sikio," alisema, "nchi inakuhitaji."

"Nchi ilikuwa wapi miezi mitatu?" aliuliza mke.

"Mama watoto," Sikio alimkanya.

"Nimeuliza tu. Nilidhani imesafiri."

Meneja alitabasamu kwa mdomo tu. Alieleza kwamba wizara imetoa kibali boila namba mbili iwashwe kwa muda, mpaka mvua zirudi. Vijana wa makao makuu walijaribu wiki iliyopita, mara mbili. Mara mbili ilishindikana.

"Ilizima, au mliizima?" aliuliza Sikio.

Mhandisi ndiye aliyejibu. "Tuliizima, baba. Ilitetemeka, tukaogopa mabomba yatapasuka. Geji ya presha ilikuwa inasema kila kitu kiko sawa."

"Geji ya Bi Kizee inasema sawa tangu mwaka wa mafuriko," alisema Sikio, akiitaja boila namba mbili kwa jina waliloipa washaji wake, na kwa mara ya kwanza tangu kituo kifungwe, binti yake alimwona amenyoosha mgongo. "Bi Kizee hasomwi kwa macho, mama. Anasikilizwa."

"Ndiyo maana tumekuja," alisema mhandisi kwa heshima, na alikuwa anamaanisha.

"Kumwasha akiwa baridi ni saa thelathini," Sikio aliendelea. "Nikiingia leo mchana, natoka kesho jioni. Na mimi kesho saa nne nina mtihani."

Meneja alipunga mkono kama anayefukuza inzi. "Mtihani! Mwenyekiti wa mradi ule ninakunywa naye chai. Jina lako nitalipeleka mimi mwenyewe."

"Liandike," alisema mke.

"Nini, mama?"

"Hilo ulilosema. Binti ana kalamu. Andika kwamba mume wangu hakufika mtihani kwa sababu wewe umemchukua, na nafasi yake ipo palepale. Weka saini."

Meneja alicheka, akamgeukia mhandisi kama anayetafuta shahidi wa kioja. "Mzee Sikio, huniamini? Tumefanya kazi pamoja miaka mingapi? Mimi niandikishwe kama mtu anayekopeshwa sufuria?"

Sikio aliona haya. Ndiyo kosa lake lilipoanzia, katika haya hiyo. Mtu aliyeishi miaka yote akisema "ndiyo, bwana" anaona kumwomba mkubwa karatasi ni kumtukana. "Acha, mama watoto," alisema. "Bwana mkubwa amesema."

"Amesema. Na upepo pia unasema."

"Shemeji, mwache akawashe!" kinyozi alidakia kutoka mlangoni. "Mashine zangu zimekufa. Juzi umeme umekatika nimemnyoa mtu nusu kichwa. Mpaka leo yuko ndani, amevaa kofia, mkewe anauza gengeni na kusema bwana ni mgonjwa!"

Hata mhandisi alicheka. Meneja hakucheka. Alikuwa amesogea karibu na kabati, akainua pembe ya blanketi kwa vidole viwili, akachungulia.

"Mayai haya yatafika keshokutwa kweli, mama? Kwa chupa za maji?"

Mke alikuwa ameyageuza kwa mkono, yote mia moja na themanini, mara tatu kwa siku kila mashine ilipozima. Ndani ya mengine, ukiliweka yai sikioni, ulisikia kitu kinakwaruza. Alijua chupa zitampeleka mpaka kesho jioni. Zaidi ya hapo ni kujidanganya.

"Nenda," alimwambia mumewe bila kumtazama. "Nenda ukawashe."

*

Langoni mwa kituo, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa amekaa Kufuli. Huyu alikuwa fundi wa mkanda unaopandisha makaa kutoka ghalani hadi kwenye tanuri, na jina hilo alilipata kwa sababu ya mdomo wake. Naye alikuwa ameitwa. Alikuja, akakaa kwenye ndoo, na hapo ndoo ikawa ofisi yake.

"Wamekupa karatasi?" alimwuliza Sikio.

"Wamenipa neno."

"Neno halina muhuri. Mimi sisogei hapa mpaka nipate mkataba wa muda wote boila itakapokuwa inawaka."

"Meneja ni mtu wangu, Kufuli."

"Ni mtu wako. Na wewe u mtu wa nani?"

Mlinzi alimsukumia Sikio daftari la vibarua. Zamani alipita lango hili kwa kadi yenye picha yake. Sasa alitakiwa kuandika namba ya kitambulisho, idara, saa ya kuingia. Aliandika: boila. Akasaini. Mlinzi, ambaye walicheza naye bao miaka kumi, alimpapasa mifukoni kwa sababu ndiyo amri mpya, huku anatazama pembeni.

Ndani mlikuwa na baridi. Ambaye hajaona kituo cha makaa kimelala hawezi kujua ubaridi huo. Ni kama kuingia jikoni kwa marehemu. Bi Kizee alisimama kimya, ghorofa nne za chuma, viraka kila upande. Sikio alikwenda nyuma ya kabati la vifaa akatoa mpini wa fagio uliosuguliwa na mikono hadi ukang'aa. Ncha moja aliiegemeza kwenye bomba la kushoto, ya pili akaiweka sikioni. Akafumba macho.

"Hakuna kitu, si ndiyo?" mhandisi alinong'ona.

"Kuna maji yaliyolala. Wacha tumwamshe pole pole. Mzee huamshwa kwa kuguswa mguu, hapigiwi kelele."

Wakawasha moto mdogo wa mafuta. Saa zikaenda. Mhandisi hakutoka kwenda kula; alikaa kwenye kigoda karibu yake na kishikwambi mapajani. Alimwita baba. Alimletea chai kwa mikono miwili. Kila Sikio alipofanya jambo, aliuliza, "Kwa nini, baba?" na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Sikio kwa nini. Miaka ishirini na sita waliuliza tu, tayari?

Basi akasema. Alisema kama bomba lililozibuliwa.

"Geji ikifika nne, usiiamini. Njoo hapa kwenye bomba la kushoto. Likianza kuguna kama mtoto anayekataa dawa, punguza moto. Usizime! Mara ile mlizima, ndiyo mkamuudhi. Punguza, ufungue vali ya juu, apumue. Mapumziko hayo ya kutoa mvuke ni matatu. La kwanza refu, la pili fupi, la tatu refu kuliko yote. Mtaa wetu wote unayasikia. Mke wangu husema, haya, Bi Kizee anapiga miayo."

"La tatu ni refu kiasi gani?"

"Mpaka bomba liache kuguna na lianze kuimba."

"Kuimba vipi? Subiri, baba, niweke hii." Akabandika kwenye bomba kidude kidogo chenye sumaku, waya wake ukaingia kwenye kishikwambi. Mistari ikapanda na kushuka kwenye kioo. "Sasa niambie linapoimba."

Sikio aliweka mpini sikioni. "Sasa," alisema, na kioo kikaweka alama.

Saa kumi na moja Kufuli aliingia, mfukoni karatasi yenye muhuri. Bila makaa moto wa mafuta usingefika popote, kwa hiyo meneja alisaini. Mkanda ukaanza kwenda. Mhandisi alimwendea naye na kishikwambi chake. "Fundi, naona unaugonga mahali kabla haujaanza. Unaugonga wapi, na kwa nini?"

"Mimi?" alisema Kufuli. "Mimi huuambia uende, unakwenda."

"Lakini umeugonga."

"Nilikuwa naua mende."

Baadaye alipita karibu na Sikio akainama kama anayeokota kitu. "Funga mdomo, ndugu yangu. Unajimwaga kama pipa lililotoboka."

"Ni mtu mwenye adabu," alijibu Sikio. "Anataka kujifunza. Elimu haifichwi."

"Haifichwi. Inauzwa."

Siku ya pili, saa nne asubuhi ilipogonga, watu thelathini na tisa walikuwa katika ukumbi wa manispaa wakiandika kwamba paneli haikanyagwi. Yule mmoja aliyekosekana alikuwa ameshika mpini wa fagio, shati limemganda, akihesabu pumziko la pili. Aliitazama saa ya ukutani mara moja tu. Kisha bomba likaguna, akaisahau.

*

Umeme ulirudi Jumatano saa kumi na mbili jioni. Mtaa mzima ulipiga kelele kwa pamoja. Sikio alipokuwa anarudi nyumbani, uso mweusi, watoto walimfuata wakiimba jina lake, na kinyozi alimvuta hadi kwenye kiti chake akamnyoa bure, akimwambia kila anayepita, "Huyu! Huyu hapa ndiye jua letu!"

Kesho yake na keshokutwa yake mayai yakapasuka moja baada ya jingine. Vifaranga mia moja na kumi na wawili walitoka. Waliobaki walikuwa wamekufa ndani, wengine wameshatoboa tundu dogo la kupitisha mdomo. Mke aliwatoa wafu kimya kimya kwenye ndoo, binti asione, na binti akaona.

"Mia na kumi na wawili si haba," alisema Sikio. Alikuwa bado na furaha.

"Si haba," alisema mkewe. "Meneja amepiga simu?"

"Atapiga."

*

Jumatatu orodha ilibandikwa. Binti aliisoma kuanzia juu, halafu kuanzia chini, halafu akaweka kidole pale palipokuwa na namba thelathini na moja. Palikuwa na jina la mtu mwingine.

Sikio alivaa shati lake la msibani akaenda ofisi ya mradi wa sola. Alikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili hadi saa sita, chini ya picha kubwa ya mzee anayecheka akiwa ameshika paneli. Karani alipomwita alikuwa mpole. Hilo nalo linachosha, kukataliwa na mtu mpole.

"Mzee wangu, hukufika kwenye mtihani."

"Nilikuwa nawasha boila. Hata wewe, taa hii unayoitumia..."

"Naona." Karani alikuwa anatazama kompyuta. "Na hapo ndipo pagumu zaidi. Mfumo unaonyesha Jumanne na Jumatano ulikuwa kazini kituo cha makaa, idara ya boila. Saini yako ipo. Nafasi hizi ni za waathirika wa kufungwa kwa kituo. Mtu mwenye kazi ya makaa hawezi kuwa mwathirika."

"Zilikuwa siku mbili! Niliitwa!"

"Sisemi hukuitwa, mzee. Nasema ulikuwa kazini."

"Meneja alisema ataleta jina langu."

Karani alitazama mlango, akashusha sauti. "Pesa hizi zinatoka mbali. Wanaozitoa hawamjui meneja wenu. Wanataka watu walioacha makaa. Wewe uliyaacha, halafu ukayarudia."

"Kama mlevi," alisema Sikio.

"Mimi sijasema hivyo."

"Sasa nifanye nini, mwanangu?"

"Lete barua kutoka kituoni kwamba si mfanyakazi wao. Nitaipeleka juu. Siahidi."

Alikwenda kituoni kwa miguu, akafika ofisi ya utumishi jasho linamtiririka. Mama wa utumishi alimsikiliza hadi mwisho, miwani mikononi.

"Barua ya kwamba si mfanyakazi wetu siwezi kuitoa."

"Kwa nini? Kwani mimi ni mfanyakazi?"

"Hapana. Ulikuwa kibarua. Barua tunawaandikia waajiriwa. Wewe hatuna faili lako tena, lilifungwa. Nitakuandikia kutoka faili gani?"

"Basi nimwone meneja."

"Amesafiri. Yuko kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi. Atarudi baada ya wiki mbili."

Aliporudi langoni alikutana na mhandisi. Mhandisi alipomwona alisimama, na usoni mwake Sikio aliona kwamba ameshasikia.

"Baba, sikujua kama ulikuwa na mtihani usioahirishwa. Nilidhani wamepanga."

"Mimi nilisema mbele yako, mama."

Mhandisi akainamisha kichwa. "Ulisema." Halafu, kama mtu anayetafuta kitu chochote cha kumpa, akafungua kishikwambi. "Tazama. Mwongozo wa boila umekamilika. Maneno yako yote yamo. Na nimeandika shukrani ukurasa wa mwisho. Hapa: tunamshukuru fundi mzoefu."

"Fundi mzoefu nani?"

"Ni utaratibu, baba. Majina ya vibarua hayawekwi."

Alipofika nyumbani walimpa maji. Alieleza yote, neno kwa neno, ofisi ya kwanza, ofisi ya pili. Mkewe alikuwa anawanywesha vifaranga kwa sahani bapa. Hakusema nilikuambia. Kama angesema ingekuwa nafuu. Aliuliza tu, kwa sauti ya wale wanaotegeana vitendawili jioni:

"Kitendawili."

Akaendelea mwenyewe.

"Huku hayupo. Kule yupo. Na kote hali chakula."

Binti alimtazama baba yake, akajuta kuwa analijua jibu.

"Ungenizuia," alisema Sikio.

"Nilikuzuia. Halafu nikakutuma." Alisogeza sahani. "Nimehesabu, baba watoto. Vifaranga mia na kumi na wawili. Nimekuuza kwa vifaranga mia na kumi na wawili."

*

Wiki ya sita boila ilizimwa ili jivu lisafishwe, na siku ya tisa tangu izimwe likatoka tangazo kwamba itawashwa upya. Sikio hakulala vizuri kwa furaha. Alijua sasa watakuja, na safari hii alikuwa amejiandaa: binti alikuwa ameandika karatasi, nakala mbili, yenye mahali pa saini ya meneja na mahali pa muhuri. Mkewe alimpigia pasi ovaroli. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameketi mlangoni, karatasi kifuani, anatazama barabara.

Saa moja gari halikuja. Saa mbili kinyozi alifungua duka akapiga kelele, "Mzee, leo unatuwashia tena?" na Sikio akainua mkono.

Kufuli alipita saa mbili na nusu, chakula chake mkononi, anaelekea kazini. Alimwona mwenzake amevaa ovaroli, akapunguza mwendo. Angeweza kupita. Akasimama.

"Hawajakuita?"

"Nadhani gari limechelewa."

Kufuli alitafuta maneno, yeye ambaye hakuwa na mazoea nayo. "Ndugu yangu, wameanza jana mchana. Kile kishikwambi wamekifunga kwenye nguzo, karibu na bomba la kushoto. Vijana wanasoma. Likiguna kama mtoto anayekataa dawa. Wanacheka, lakini wanafuata. Na kile kidude kinapiga kengele chenyewe likianza kuimba."

"Na mpini?"

"Upo. Wanafagilia."

Sikio alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za hali ya hewa. "Na mkanda wako?"

"Mkanda huo bado ni mkaidi," alisema Kufuli, akitazama chini. "Kwaheri, ndugu yangu. Nitachelewa."

Sikio hakuondoka mlangoni. Alijua hesabu: ikiwa walianza jana mchana, basi miayo ya Bi Kizee itaanza kusikika asubuhi hii. Na moyoni mwake, mtu huyu ambaye hakuwahi kumtakia chuma mabaya, alianza kuomba. Aliomba boila itetemeke. Aliomba wakosee pumziko la pili, wazidishe, wazime, wakimbie, gari liwashwe, mtu aje mbio kugonga hapa mlangoni. Alijua ndani ya jengo lile kuna watoto wa watu, na bomba likipasuka mvuke haumchagui mtu. Akaomba hivyohivyo.

Mkewe alitoka akakaa karibu naye. Binti alisimama nyuma yao.

Pumziko la kwanza lilikuja, mvuke ukapiga juu ya mapaa, mrefu. Sikio aliinamisha kichwa upande. Ukakatika. Baada ya muda ukaja wa pili; akaanza kuhesabu kwa vidole juu ya goti, na mkewe akavitazama vidole. Vilifika pale vilipotakiwa kufika, na mvuke ukakatika papo hapo. Kisha kimya. Kisha wa tatu, ukapanda, ukaendelea, ukaendelea, mpaka mbwa wa mtaa wakaacha kubweka.

"Wamekosea?" aliuliza mke, na katika sauti yake mlikuwa na tumaini baya.

Sikio alisikiliza hadi pumzi ya mwisho. Halafu akaanza kufungua vifungo vya ovaroli, kuanzia juu.

"Hapana," alisema. "Hawajakosea hata kidogo."